Nilimkataza Kaka Yangu Koti la Baba

Mimi ni bibi wa miaka themanini na sita. Naishi hapa Mbeya kwa mjukuu wangu, jina langu Bupe. Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo mnisamehe pale kalamu inapojikwaa. Mwili umechoka, miguu inauma, lakini majina ya watu sisahau. Hilo ndilo pigo langu... Ningesahau, ningepumzika.

Wasomaji wenzangu, jambo hili nimekaa nalo tumboni tangu kabla ya Uhuru. Mume wangu amekufa bila kulijua. Mama yangu amekufa bila kulijua. Leo nalitapika.

Ilikuwa miaka ile ya hamsini. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minane, kaka yangu Lugano ishirini na mbili. Tulizaliwa wawili tu kwa mama yetu Tusekile. Tulikaa nje ya mji wa Mbeya, njia ya kwenda Tukuyu. Lugano alifanya kibarua kwenye shamba la pareto kule juu milimani, na huko ndiko alikompata Eliza, binti wa Kikinga aliyekuja na wenzake kuchuma maua. Kwao Eliza kulikuwa Ukinga, ng'ambo ya uwanda wa Kitulo, nchi iliyohesabiwa upande wa Iringa siku zile.

Lugano alimpenda yule binti mpaka tukamcheka. Alikuwa akila ugali anatabasamu peke yake! Lakini kulikuwa na mgane mmoja huko kwao Eliza, mtu wa ng'ombe na mashamba, naye alikuwa amekwisha bisha hodi. Wazazi wa Eliza wakatuma neno: leteni mahari mwezi wa saba, mkichelewa binti anakwenda kwa mwenzenu.

Mwezi wa saba! Ninyi mliozaliwa mabondeni hamjui mwezi wa saba wa Kitulo. Asubuhi majani ni meupe kwa sakitu, ukiyakanyaga yanalia kama vigae. Hakuna mti. Upepo unatoka huko unakotoka na hakuna wa kuuzuia.

Kwetu mahari haikukamilika bila blanketi la bibi. Ni blanketi jipya, zito, la bibi mzaa mama wa binti, kumshukuru kwa kumfunika mjukuu wake utotoni. Dada wa muoaji ndiye hulibeba kichwani. Na tuliambiwa tangu utoto kuwa lazima lifike na kamba ya dukani, fundo halijaguswa. Likifika limefunguliwa, maana yake mmelilalia njiani, mmempelekea bibi wa watu jasho lenu. Wakwe wana haki ya kuwarudishia mbuzi wenu na kufunga mlango.

Mshenga wetu, yaani msemaji wetu kwa wakwe, alikuwa baba mdogo Gwamaka, mdogo wake baba. Mtu wa maneno mengi, na mchoyo wa kupindukia. Mama alikuwa akisema Gwamaka akikupa chumvi anahesabu punje.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana dhambi yangu inaanzia hapa.

Baba yetu, Mzee Ambwene, alikuwa askari vitani. Alirudi na koti la jeshi, sufu nzito, linafika chini ya magoti. Lilikuwa na kiraka mgongoni na lilinuka moshi, lakini ukilivaa hakuna baridi inayokujua jina. Baba alilitoa mwenyewe, akalitundika mlangoni, akasema, "Lugano, hili utavuka nalo Kitulo."

Na mimi nikaona aibu! Nikawaza, kaka yangu atafika ukweni na kiraka mgongoni kama mlinzi wa ghala? Yule mgane atasemaje? Nikamvuta Lugano pembeni, nikamwambia, "Kaka, ukivaa hilo gunia watatucheka. Niachie mimi, nitakuchagulia nguo ya mtu anayeoa."

Nikaenda sokoni Mbeya kwa Mzee Shabani, muuza nguo ambaye wazazi wake walitoka pwani. Nikachagua koti jepesi la pamba, rangi ya kijivu, lenye vifungo vinavyong'aa. Nikachagua shati jeupe, na raba nyeupe za turubai. Mzee Shabani akauliza safari ni ya wapi. Nilipomwambia, akalishika lile koti kwa vidole viwili.

"Binti, hili ni koti la kupigia picha. Kitulo mwezi wa saba hata mawe yanatamani sweta. Chukua hili la sufu, na soksi ndefu, na viatu vya ngozi."

Lile sweta lilikuwa la rangi ya udongo, limetuna kama mzinga wa nyuki. Nikamjibu kwa kiburi, "Mzee wangu, ninyi watu wa pwani hata hapa mjini mnatetemeka. Sisi baridi tumenyonya nayo."

Watu dukani wakacheka. Hata yeye akacheka, akanifungia niliyochagua. Nilitoka nimejaa sifa... Laiti angenipiga kofi!

Siku ya kuondoka Lugano alivaa nguo zangu, akang'ara. Koti la baba likabaki mlangoni. Baba na mama walikuwa wametangulia shambani, hawakuona. Lakini baba mdogo Gwamaka aliona, na alinisikia nikisema, "Liache hilo, kaka, utatuabisha." Akacheka, akalichukua, akalivaa yeye. "Mimi mzee, kwangu halina aibu," akasema.

Tulikuwa wanne. Baba mdogo, Lugano, mimi na blanketi langu kichwani ndani ya gunia, na Asajile, rafiki wa Lugano, aliyeswaga mbuzi wawili. Mbuzi mmoja tulimwita Karani kwa sababu ya ndevu zake. Tulilala kwenye kambi ya pareto, na asubuhi ya pili tukapanda Kitulo.

Jua lilikuwepo mpaka saa nne. Kisha ukungu ukashuka. Ukungu wa kule hauji kama moshi, wasomaji wangu, unakuja kama ukuta. Ndani yake mna manyunyu madogo, baridi kama sindano. Njia ikapotea. Tukazunguka, tukarudi kwenye jiwe lile lile mara mbili. Mbuzi wakagoma. Raba za Lugano zikanywa maji. Lile koti langu la vifungo likamgandia mwilini kama jani la mgomba lililolowa.

Mimi nilijifunga mashuka mawili mazito na kitambaa cha kichwa, na gunia lilinikinga. Asajile alikuwa na sweta kuukuu la mzungu wa shamba. Baba mdogo alikuwa ndani ya koti la baba, kola imefika masikioni. Aliyelowa mpaka mifupa alikuwa bwana harusi peke yake.

Mchana ulipopinda tukapata mwamba ulioinama kidogo, tukajibanza chini yake. Majani yalikuwa yamelowa, moto haukushika. Lugano alitetemeka mpaka meno yakagongana. Nikamwomba baba mdogo ampe koti, hata kidogo tu.

"Mimi nina kifua," akanijibu. "Nikifa mimi, nani atawasemea kwa wakwe? Wewe?"

Nikashusha blanketi kichwani. Nikashika fundo la kamba. Baba mdogo akanipiga mkononi.

"Gwe Bupe! Unataka kutuvunjia uchumba? Tumelibeba milima yote hii, ulifungue mlangoni pa watu?"

Nikamtazama kaka yangu. Alitikisa kichwa. Midomo yake ilikuwa imekuwa ya bluu. Akaniambia kwa shida, "Usifungue, dada... Eliza atapelekwa kwa yule mgane."

Nikaliacha fundo! Vidole hivi hivi ninavyoandikia vililiacha. Nikamfunga shuka langu moja, nalo likalowa kwenye nguo zake papo hapo. Asajile akasema hakai hapo kungoja kifo, akashuka kutafuta watu. Tukabaki watatu.

Baadaye Lugano akaacha kutetemeka. Akasema anasikia joto. Akataka kuvua koti! Sisi tukafurahi, mnaelewa? Tukafurahi! Baba mdogo akampiga begani, akasema, "Umeona? Kijana wa milimani huyu, baridi imemshindwa." Mimi nikacheka kwa kushukuru Mungu. Kumbe mtu akifika hapo kwenye joto, baridi imekwisha maliza kazi yake. Siku hizi watoto wanafundishwa haya. Sisi nani alitufundisha?

Usiku ule sitauandika.

Asubuhi jua likatoka, anga safi, sakitu inameta kila mahali kana kwamba hakuna kilichotokea. Asajile alikuja na Wakinga sita, wamebeba makaa ndani ya chungu, na uji, na mablanketi yao wenyewe. Nyuma yao alikuja bibi kizee anatembelea fimbo. Alikuwa Bibi Twilumba, bibi yake Eliza, mwenye blanketi.

Alimkuta Lugano amelala, kichwa chake mapajani mwangu. Akamshika shavu. Kisha akaliona gunia langu, kamba imekazwa vizuri kama ilivyotoka dukani.

"Hamkulifungua?" akauliza.

Baba mdogo akamweleza heshima, na desturi, na jasho. Yule bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema neno ambalo mpaka leo linaniamsha:

"Nani aliwaambia mimi nataka blanketi kuliko mjukuu? Mngeniletea limejaa matope, ningelala nalo hivyo hivyo na kuwapigia vigelegele."

Akaikata kamba kwa kisu cha mmoja wa wale vijana. Akamfunika kaka yangu kwa mikono yake.

Eliza tulimkuta njiani, tukimteremsha kaka. Hakulia. Alishika raba moja iliyokuwa imemtoka Lugano mguuni, akaitazama ndani na nje, kama mtu anayetafuta kitu. Akaniuliza, "Wifi, hakuwa na viatu vingine?" Mwaka haukuisha, wakampeleka kwa yule mgane.

Mnadhani mkasa wangu umeisha hapo? La! Kumpoteza kaka ni msiba. Nililofanya baadaye ni uovu.

Tuliporudi nyumbani, baba aliliona koti lake mwilini mwa mdogo wake. Alikaa chini palepale. Wazee wa ukoo wakaitwa. Mama akasimama, nywele hazina kitambaa, akamwonyesha Gwamaka kidole: "Ulimvua mwanangu koti!"

Baba mdogo akasema, "Sikumvua. Aliliacha hapo mlangoni. Muulizeni Bupe. Bupe ndiye aliyemkataza, kwamba litamwabisha ukweni."

Wote wakanigeukia. Baba, mama, wazee. Na Asajile, ambaye siku ile ya kuondoka alikuwa nje na mbuzi, hakujua lolote. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu... "Ndiyo."

Nikasema, "Baba mdogo ni mwongo. Mimi sikusema hivyo. Alimwambia Lugano yeye ana kifua, ampe."

Nikalia. Machozi yangu yakawa ushahidi.

Gwamaka alinitazama kwa mshangao tu, bila hasira. Wazee wakamtenga. Hakuna aliyekula kwake, hakuna aliyempa moto. Alihama na mkewe na watoto, akaenda Makongolosi kuchimba dhahabu na watu wasiomjua. Alifia huko. Taarifa ilipokuja, mama alitema mate chini, na hakuna mtu wa kwetu aliyekwenda kumzika. Mimi nilikuwa nasonga ugali. Niliendelea kusonga.

Mama alipokaribia kufa nilikaa kitandani kwake siku tatu. Kila siku nilisema, leo nitamwambia. Siku ya tatu akanishika mkono, akasema, "Mwanangu Bupe, wewe hukuwahi kunidanganya." Ningesema nini, jamani? Ningesema nini?

Ninyi mnaosoma, hasa akina dada, nawasihi. Mtu wako akisafiri kwenye baridi, mvalishe kwa ajili ya baridi, si kwa ajili ya macho ya wakwe. Sufu mbaya inashinda pamba nzuri. Mila inayokataza kumfunika anayekufa, ifungueni, mtaomba radhi mkiwa wote hai. Mtu akicheka shauri la mjuzi, kama nilivyomcheka Mzee Shabani, ajue atakuja kulilia peke yake. Na mkikosea, semeni siku ile ile. Kosa langu la kwanza lilikuwa ujinga wa msichana. La pili nimelichagua kila asubuhi tangu siku ile mpaka leo.

Watoto wa Gwamaka bado wapo, na wajukuu, wengine nasikia wana duka Mbalizi. Tukikutana barabarani watu wa kwetu huvuka upande wa pili, hata vijana wasiojua sababu. Kwenu ninyi, watoto na wajukuu wake, nasema hivi: mzee wenu alikuwa mchoyo, na koti lile angeweza kulivua, hilo sitamsamehe. Lakini mbele ya wazee siku ile, kuhusu nani alimkataza Lugano, hakusema uongo.

Aliyesema uongo ni mimi.