Mkutano wa Saa Saba Mchana

—Dada, hiki chumba cha video cha stoo mbona kinatumika kila siku bila sauti?

Fundi aliuliza huku akitafuna kalamu, wala hakujua kwamba amemchoma mtu. Alikuwa amekaa nyuma ya meza ya mapokezi, anakagua mtambo wa simu za intaneti ambao kampuni iliufunga miezi miwili iliyopita. Pembeni yake alisimama Opereta. Jina hilo alipewa na wafanyakazi wenzake, maana kwa miaka sita kila simu iliyoingia ofisini ilipita mikononi mwake kwanza. Mtambo mpya ulipokuja, yeye ndiye aliyefundishwa kuuendesha: kumpa kila mtu namba yake ya ndani, kumtengenezea chumba chake cha mikutano ya video, kumwonyesha pa kubonyeza ili mgeni aliye mbali aingie.

—Bila sauti kivipi?

—Tazama mwenyewe. Saa saba mpaka saa saba na nusu, Jumatatu mpaka Ijumaa. Watu wawili, mwenye chumba na mgeni mmoja. Kamera zimewashwa, maiki zimezimwa. Zote mbili. Wiki ya sita hii.

—Labda maiki ni mbovu.

—Ingekuwa mbovu, mtu angekuja kulalamika siku ya kwanza. Hawa wanatazamana tu! —Fundi akacheka.— Mkutano gani huo wa kutazamana?

Opereta hakucheka. Mwenye chumba alikuwa mtunza stoo, ambaye ofisi nzima ilimwita Stoo tu, naye ndiye mchumba wake.

Wiki sita. Alitoa simu akapandisha ujumbe juu, na juu tena. Ulikuwa ule ule, kila siku, kabla ya saa saba: "Mpenzi, leo tena nahesabu mzigo. Kula, usinisubiri." Zamani walikula pamoja kwenye benchi nyuma ya jengo, wakigombania kijiko kimoja kama watoto.

Akili yake ikaanza kuzunguka kama feni. Kama ana mwanamke, mbona anaonana naye kazini, kwenye mtambo ambao yeye Opereta ndiye msimamizi wake? Na mwanamke gani anatazamwa nusu saa bila kuambiwa neno? Tena juzi tu Stoo alimshika mkono akamuuliza kwa mara ya mia, "Mama amesema nini?" Kwa sababu ndoa yao ilikwama hapo. Mama yake Opereta alikuwa hajatoa jibu, mwezi wa nne sasa. Mtu anayechoka kusubiri hatafuti pa kwenda?

Lakini mtu anayetafuta pa kwenda anauliza mara mia?

Akainua mkonga wa simu, akapiga namba ya ndani ya stoo.

—Stoo hapa.

—Umekula?

—Bado, mpenzi. Mzigo umeingia sasa hivi, niko juu ya ngazi.

Opereta alitazama dirishani. Uwanja ulikuwa mweupe. Hakukuwa na lori wala mzigo, na mlango wa stoo ulikuwa umefungwa.

—Uko na nani huko?

—Na maboksi. Nitakupigia baadaye, eh?

Simu ikakatwa. Fundi alikuwa anavaa koti lake aende kula.

—Fundi, mimi naweza kuingia kwenye chumba cha mtu?

—Wewe ni msimamizi, unaingia popote. Hapa, hiki kitufe.

—Hata kama sikualikwa?

Fundi alimtazama, akaacha utani.

—Mtambo hautakuzuia, dada. Mengine utajua mwenyewe.

Saa saba ilipogonga alikuwa peke yake. Kidole kilikaa juu ya kitufe muda mrefu. Alikiondoa, akakirudisha, akabonyeza.

Skrini ikagawanyika. Kushoto alikuwepo Stoo, viwiko juu ya boksi, mikono hewani. Kulia alikuwepo mwanamke mwenye utepe wa kupimia shingoni, nyuma ya cherehani.

Alikuwa mama yake.

Mama yake Opereta alikuwa kiziwi tangu utotoni. Tangu akiwa na miaka mitano Opereta ndiye aliyekuwa mdomo na masikio yake, sokoni, hospitalini, kwa majirani. Ajabu ni kwamba yeye, kati ya watu wote, hakuliwaza hilo hata kidogo, kwa sababu Stoo aliyemjua yeye hakuwa na hata ishara moja ya "habari". Na sasa Stoo huyo alikuwa anaongea kwa mikono, polepole, akikosea, na mama akimjibu:

—Yeye asijue kwanza.

Mara kisanduku cha tatu kikafunguka, na ndani yake uso wake mwenyewe, mdomo wazi. Mikono ya wale wawili ikaganda.

—Mama? —alisema kwa sauti, kama mjinga, kisha akafunga kompyuta kwa kishindo.

Hata dakika mbili hazikupita, Stoo akaingia mapokezi anahema.

—Nisikilize kwanza.

—Nisikilize nini? Bora ningekukuta na mwanamke, ningejua nalia nini! Wewe na mama yangu mnanificha nini?

—Nilikuwa najifunza.

—Kwa nini kwa siri? Mimi si nipo? Si ningekufundisha?

Stoo alivuta kiti, hakukaa.

—Unakumbuka siku niliyokuja kwenu mara ya kwanza? Mama aliongea na mimi kwa mikono, muda mrefu, machozi yakamlenga. Wewe ukaniambia, "Mama anasema karibu, jisikie nyumbani."

Opereta alianza kunyoosha waya wa simu ya mezani.

—Basi nami nikacheka, nikasema asante sana —Stoo aliendelea.— Mwezi wa pili nikampelekea suruali anipunguzie. Akachukua karatasi, akaandika, "Mbona ulicheka nilipokuuliza?" Nikaandika, "Uliniuliza nini?" Akanitazama, mpenzi. Akanitazama vile... Halafu akaandika.

—Alikuonyesha swali lenyewe?

—"Ukimchukua mwanangu, mimi nitaongea na nani?"

Simu ya mezani ikalia. Kwa mara ya kwanza katika miaka sita, Opereta aliiacha ilie mpaka ikanyamaza.

—Kwa hiyo ulijua nilikudanganya. Wiki sita zote hizi.

—Nilijua.

—Hukuniuliza.

—Ningekuuliza, ungenitafsiria tena.

Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana ilimuuma zaidi. Opereta alijifunika uso.

—Niliogopa, Stoo. Nilisema huyu akisikia kwamba mama anakuja pamoja na mimi, atakimbia. Nikajiambia nitamweleza wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa... Kumbe mama aliona unamcheka! Kumbe ndoa nimeizuia mwenyewe, nami kila siku namlaumu yeye!

Simu yake ya mkononi ikatetemeka. Ulikuwa ujumbe wa mama: "Njoo naye nyumbani mkitoka kazini. Usikasirike kabla hujakaa."

Walifika jioni jua bado liko juu. Mama alikuwa amezima cherehani na kupanga viti vitatu katikati ya mabaki ya vitambaa. Opereta alianza kuinua mikono amwombe radhi, lakini mama akamshusha mikono yote miwili.

—Wewe kaa. Leo hufanyi kazi.

Akamgeukia Stoo, akauliza upya, polepole, kila neno na nafasi yake:

—Ukimchukua mwanangu, mimi nitaongea na nani?

Opereta alishika kiti. Midomo yake ilitaka kufunguka, mikono ilimwasha. Akajizuia.

Stoo alifuta viganja kwenye suruali. Akaanza, akasahau, akaanza tena.

—Utaongea na mimi. Na yeye. Na watoto, tutawa... tutawashona.

—Kuwashona? —mama alicheka mpaka utepe ukaanguka shingoni. Akamsogeza vidole, akamwonyesha: kuwafundisha. Stoo akairudia, masikio yamemwiva kwa aibu.

—Tutawafundisha.

Mama akatikisa kichwa taratibu kukubali. Kisha akamgeukia bintiye.

—Huyu nimemsikia mwenyewe. Sasa wewe.

—Mimi nini, mama?

—Miaka yote unasema ya kwangu. Siku alipokuja ulisema ya kwangu, ukayaharibu. Mimi sijakuuliza bado. Wewe unamtaka?

Opereta alichanganyikiwa kuliko siku nzima. Aligundua kwamba swali hilo hakuwahi kulijibu mbele ya mtu. Alimtazama Stoo kana kwamba ndiye angempa jibu, na Stoo akatazama chini, amwachie nafasi. Mikono yake iliyozoea kusema haraka ilikuwa mizito.

Akaiinua.

—Namtaka, mama.

Akasema tena kwa sauti, ili na Stoo asikie.