Mashavu ya Msusi

Saluni ya Msusi haikosi watu. Wengine huja kusukwa, wengine huja kusikia habari za mtaa. Viti vikijaa, wanakaa hata mlangoni.

Mwaka jana vidole vya Msusi vilivimba. Asubuhi hakuweza hata kushika chanuo. Daktari alisema ni baridi yabisi. Akampa vidonge vya steroidi vya kutuliza uvimbe. Vidole vikatulia, kazi ikarudi. Ila kwa dawa hiyo mashavu nayo yakajaa, uso ukawa mviringo kama sahani.

"Shoga, mbona hutuambii? Unatuletea mtoto?" mteja mmoja alimtania.

"Kwa umri huu? Labda nikuzalie wewe," Msusi akajibu.

Saluni nzima ikacheka. Msusi naye alicheka, lakini moyoni neno hilo lilimchoma. Harusi ya binti yake ilikuwa karibu. Alitaka uso wake wa zamani utokee kwenye picha. Basi akaacha vidonge vyote, bila kumwambia mtu.

Baada ya siku chache, kizunguzungu kilimshika akiwa anasuka. Miguu ikalegea. Akatapika. Aliyekuwa kitini ni wifi yake, muuguzi. Nusu ya kichwa chake ilikuwa imesukwa, nusu nywele zimesimama wima.

"Wifi, vile vidonge unameza?" muuguzi akauliza.

"Nimeacha. Si nimepona?"

"Umeacha vyote kwa mara moja? Twende hospitali sasa hivi. Nywele zitangoja."

Wakaenda vivyo hivyo. Njiani watu waligeuka kutazama kichwa cha muuguzi. Hakujali.

Hospitali walimtundikia Msusi maji na kumrudishia dawa. Alipopata nguvu, muuguzi alikaa kando ya kitanda.

"Mwili wako hutengeneza wenyewe kitu kama dawa hii," alisema. "Ukiletewa vidonge kila siku kwa muda mrefu, unabweteka. Unakumbuka nilipokuja kukaa kwako, nikawa napika mimi? Uliingia jikoni tena?"

"Nikafuate nini, na wewe upo?"

"Na siku nilipoondoka ghafla?"

"Tulilala njaa," Msusi akasema, akacheka.

"Basi mwili wako nao umelala njaa. Dawa hii hupunguzwa kidogo kidogo, mpaka mwili urudi jikoni wenyewe. Na anayepanga kiasi ni daktari. Si wewe, wala mimi wifi yako."

Daktari akapanga upya. Alipunguza kidogo, akangoja, akampima, akapunguza tena. Wakati fulani vidole viliuma. Msusi hakujiongezea vidonge, wala hakuacha. Alirudi kwa daktari. Wakasitisha kupunguza kwanza, kisha wakaendelea. Jirani mwenye goti bovu alipoomba agawiwe vidonge, Msusi alimwambia, "Goti lako lina daktari wake."

Siku ya harusi mashavu yalikuwa bado yamejaa. Lakini bibi harusi alisukwa na mama yake mwenyewe. Mpiga picha aliwakuta hapo: mama anacheka, meno yote nje, vidole vyake vyepesi vimo kwenye nywele za binti.

Msusi ameitundika picha hiyo saluni. Siku hizi daktari amemmalizia vidonge, na uso umerudi.

"Huyu mwenye mashavu ni dada yako?" wateja wapya humuuliza.

"Ni mimi. Kaa nikusimulie. Ila habari yenyewe ndefu, mama. Chagua mtindo wa misuko myembamba myembamba."