Chai Katika Wimbo wa Kusagia

Kila Jumatatu na Jumatano jioni, watoto wa Alqosh, mji mdogo wa kaskazini mwa Iraki, walijaa katika ukumbi wa kanisa kujifunza kusoma na kuandika lugha ya wazee wao. Mwalimu wao alikuwa Awraha, waliyemwita Rabi, yaani mwalimu kwa lugha yao, mshairi na msomi mkubwa wa Waashuri, ingawa ungemkuta sokoni akibishania bei ya bamia usingedhani. Miaka ile Iraki ilipowekewa vikwazo vya biashara, karatasi ikaadimika nchi nzima, aliandika kamusi yake juu ya mifuko ya saruji. Marehemu mkewe alikuwa akilalamika kwa majirani, "Wenzangu wanapangusa vumbi la meza, mimi napangusa saruji kwenye mashairi!"

Mwaka huo Rabi Awraha alikuwa anamalizia kitabu cha nyimbo za akina mama, zile walizoimba wakisaga ngano kwa mawe. Aligawa kazi darasani: kila mwanafunzi na bibi mmoja mzee wa mji.

"Nendeni mkawasikilize," alisema. "Andikeni wanachosema, si mnachotaka waseme."

Talya, msichana wa miaka kumi na miwili, alipewa Bibi Shmuni.

"Pole, shoga!" alicheka rafiki yake Helane. "Kwa yule unaingia kijana, unatoka na mvi. Atakusimulia harusi yake kuanzia kuku wa kwanza aliyechinjwa."

Helane hakukosea sana. Bibi Shmuni alimwekea Talya sinia la dengu achambue, akaanza na kuku, akaja kwa mawifi, akaingia kwenye ugomvi wa mawifi. Saa nzima ikapita bila wimbo.

"Bibi, na ule wimbo wa kusagia?" Talya aliuliza.

"Siukumbuki hivi hivi nimekaa, mwanangu. Njoo kesho tulitoe jiwe."

Talya hakurudi. Siku iliyofuata, akiwa juu ya paa anaanua nguo, alijitungia wimbo mwenyewe. Akaipanga mistari mitatu mitatu, kama nyimbo za zamani zilivyo:

*Nimekumiminia chai, ewe uliye safarini,*
*glasi imepoa, naishika mkononi,*
*na vumbi la nyumbu wako silioni.*

Juu ya ukurasa akaandika: "Umeimbwa na Bibi Shmuni, ambaye alifundishwa na bibi yake."

Rabi Awraha aliusoma mbele ya darasa, akafuta miwani, akaisoma tena mistari ile.

"Chai!" alisema. "Mnasikia, wanangu? Wasomi wote tunasema chai ilifika vijijini kwetu kwa kuchelewa. Kumbe bibi yake Bibi Shmuni alikuwa akiiimba! Talya, umenipindulia sura nzima ya kitabu."

Watoto wakapiga makofi. Talya akainamia daftari lake. Alitaka kusema kitu, lakini sifa zile zilikuwa tamu, na Helane alikuwa anamtazama kwa wivu.

Ijumaa ikawa zamu ya kwao Talya kuchemsha ngano ya kukausha na kuweka akiba ya mwaka mzima. Sufuria kubwa ilikaa uani juu ya moto, wanawake wa mtaa wakaizunguka na mwiko mrefu kama jembe, na watoto wakapanga foleni na bakuli zao, maana ngano ya moto yenye sukari haikataliwi na mtu.

"Mbona Bibi Shmuni hayupo leo?" aliuliza jirani mmoja. "Yeye ndiye hupima chumvi."

"Hujasikia?" alisema mama yake Talya. "Mwanawe wa Sydney amemtumia tiketi. Anaondoka kesho alfajiri. Anafunga mizigo na kulia, analia na kufunga mizigo."

Kijiko cha Talya kikasimama njiani. Kesho alfajiri! Kama Bibi Shmuni angeondoka, wimbo wa kweli ungeondoka naye, na katika kitabu ungebaki ule wa uongo.

Wakati huohuo Rabi Awraha aliingia uani, ameshika bahasha nene.

"Nimekuja kula ngano na kujisifu," aliwaambia akina mama. "Kesho napeleka kitabu kwa wachapaji mjini Dohuk. Nimeandika kurasa kumi na moja juu ya ile chai peke yake!"

"Rabi," Talya aliita. Sauti ilitoka ndogo, ikabidi aite tena. "Rabi, ile chai ni yangu. Wimbo wote ni wangu. Bibi Shmuni hajawahi kuniimbia."

Mwiko ukaacha kuzunguka.

"We mtoto!" mama yake alifoka. "Unamtia aibu mwalimu wako mbele ya watu? Na mimi je?"

Rabi Awraha hakufoka. Alikaa juu ya gunia, akaitazama bahasha kama mtu aliyekuta ufa kwenye ukuta wa nyumba mpya.

"Kurasa kumi na moja," alisema polepole. "Watu wangeniamini, Talya, kwa sababu mimi nilikuamini wewe." Kisha akasimama. "Bibi Shmuni anaondoka alfajiri, sivyo? Basi twende sasa hivi."

Walimkuta Bibi Shmuni nyumbani kwake, amekaa sakafuni, anasukuma jiwe la kusagia aliingize kwenye sanduku la nguo.

"Watu wa ndege wamesema kilo ishirini na tatu," alilalamika. "Jiwe peke yake linazidi hizo! Sydney nitasagia nini?"

Talya alipiga magoti mbele yake, akaeleza yote. Bibi Shmuni alimsikiliza akimkazia macho.

"Chai?" alisema mwishowe. "Kwa bibi yangu, ambaye hata sukari aliiona mara mbili maishani? Ungenifanya kichekesho hadi Australia! Haya, kaa hapo. Shika mpini."

Wakakaa wakitazamana, jiwe katikati. Bibi alitia ngano kiganja kimoja, wakaanza kuzungusha, mkono wa mzee juu ya mkono wa mtoto. Mzunguko wa kwanza kimya. Wa pili kimya. Wa tatu, wimbo ukatoka wenyewe.

"Wimbo huu haumo kichwani," alisema Bibi Shmuni akihema, kati ya ubeti na ubeti. "Umo mkononi. Na hauimbwi na mmoja. Nijibu!"

Talya akajibu, mistari mitatu kwa mitatu, huku Rabi Awraha akiandika mbio juu ya bahasha. Zilitoka beti kumi na nne. Mkono wa Talya ulitoka malengelenge, lakini hakuliachia jiwe.

Walipomaliza, Bibi Shmuni alilipapasa jiwe lake mara ya mwisho. "Lichukue," alimwambia Talya. "Ila usilinyamazishe."

Njiani, Rabi Awraha alimwambia Talya, "Mistari yako ni mizuri, nisikufiche. Kutunga si kosa, hata mimi natunga. Kosa ni kuyatia maneno yako kinywani mwa mtu mwingine. Mshairi anaweza kubuni, lakini msomi ana kitu kimoja tu, ukweli wake. Ukipotea huo, hata vile vya kweli alivyoandika havitaaminiwa. Unajua wanakili wetu wa zamani, walioandika vitabu kwa mkono, walivimalizaje?"

"Waliandika majina yao na kumwomba msomaji awasamehe makosa," alijibu Talya.

"Basi ukurasa wa mwisho wa kitabu hiki utauandika wewe."

Kitabu kilichelewa wiki tatu. Kilipotoka, sura ya chai haikuwamo, na katika ukurasa wa mwisho palikuwa na maneno haya: "Wimbo wa kumi na mbili umeimbwa na Shmuni wa Alqosh kabla ya kusafiri. Mimi Talya nilikuwa nimeandika mwingine wa uongo, nikaufuta. Unisamehe, msomaji. Huu ndio wa kweli, niliujibu kwa mkono wangu."