Kisikizi Hakikujua Utani

Kisikizi kilining'inia darini, juu ya jeneza, ukubwa wake kama kitunguu, na taa yake ilikuwa ya kijani. Jijini Tulizana kila nyumba ilikuwa nacho, na kila duka, na kila kanisa. Kazi yake ilikuwa kusikiliza. Sauti ikipanda, taa iligeuka njano. Mtu akimtukana mtu, ikawa nyekundu, na hapo mashine zilizoitwa wapoza zilikuja na ukanda, zikamfunga mtukanaji shingoni, na sauti yake ikazimika. Hapigwi mtu, hafungwi mtu jela. Wakubwa walijivunia sana jambo hilo.

Mhandisi Generoza Haule ndiye aliyekifundisha Kisikizi matusi. Alikilisha ugomvi wa sokoni, wa baa, wa mke na mume, hadi kikayajua yote. Sasa alikuwa amekaa mkekani chini yake, kando ya jeneza la baba yake, mzee Otmari, na hakuwa amelia. Alipopigiwa simu kwamba mzee amefariki, alimalizia kwanza chai yake. Miaka yote hiyo ya kushusha sauti ilikuwa imemshusha na moyo. Wafiwa wenzake nao walikuwa wakipangusa macho makavu kwa mazoea tu. Msiba gani huo, jamani!

Ndipo mlango ukapigwa teke. Akaingia mzee Luhanga, amevaa koti la marehemu, kofia ya marehemu, na miwani ya marehemu puani. Luhanga alikuwa Mhehe, akina Haule ni Wangoni, na Mngoni akifa, mtani wake Mhehe huja kumsema mbele za watu, kumwigiza na kumzuia asitoke nyumbani, mpaka wafiwa wacheke. Jijini mila hiyo ilikuwa imesahaulika, lakini Luhanga alitoka kijijini, ambako Visikizi vilikuwa havijafika.

"Mngoni mchoyo we!" alilifokea jeneza, akajilaza kizingitini. "Umekufa ili usinipe ile supu ya kongoro? Amka, mwizi wa kuku! Hutoki humu!"

Taa ikawa njano, kisha nyekundu.

Generoza akaelewa papo hapo. Katika sauti zote alizokilisha chombo kile, hakutia hata moja ya mtani msibani. Alikulia ndani ya utani, na haikumjia hata kidogo kwamba kuna asiyeujua.

Wapoza wawili wakaingia, wakamshika Luhanga mikono, taratibu kabisa.

"Mtani, na hawa nao ni nani?" aliuliza akicheka. "Mbona wa baridi hivi?"

"Mwacheni," Generoza alisema. "Ni mtani wetu. Hajatukana mtu."

Kisikizi kikajibu kwa sauti ya upole, ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyeichagua: "Aliyesemwa anaweza kumsamehe, au mfiwa kwa niaba yake. Tamka kwamba maneno yake yamekufurahisha. Moyo wako ukikubali, ataachiwa. Usipokubali, atafungwa ukanda, na hauvuliwi tena."

Kanuni hiyo pia aliibuni yeye, ili watu wasisamehe kwa woga.

"Yamenifurahisha," alisema. Akaitafuta furaha, akaitafuta kweli. Alimkumbuka baba yake na Luhanga wakisutana sebuleni mpaka wanatokwa machozi ya kicheko. Kifuani hakikusogea kitu.

"Furaha haikusikika sautini."

"Nimesema yamenifurahisha!"

"Furaha haikusikika. Punguza sauti, tafadhali."

Ukanda ukalia ta. Luhanga akafungua kinywa, akakifunga, akajipapasa koo. Wapoza wakatoka, wakaurudisha mlango vizuri. Generoza aliona aibu, lakini hata aibu yenyewe aliisikia kwa mbali.

Makaburini kulikuwa na Kisikizi kingine juu ya nguzo. Katekista alisoma sala kwa kunong'ona. Jeneza lilipofika ukingoni mwa kaburi, Luhanga akajitokeza mbele. Sauti hakuwa nayo, ila koti alikuwa nalo bado. Akaanza kutembea kama Otmari, goti moja gumu, mkono kiunoni. Akafunua sufuria isiyokuwepo, akazihesabu nyama moja moja kwa kidole, akamtupia Generoza jicho la shaka, akafunika haraka haraka. Watoto wote wa Otmari walilijua jicho lile. Kisikizi kilikuwa na masikio tu, kwa hiyo taa ikabaki kijani.

Kitu kikampanda Generoza kutoka tumboni. Kikatoka kikawa kicheko kibaya, cha kukoroma, na kilio kikafuata nyuma yake. Baba yake alikuwa amekufa. Ndiyo kwanza anajua, na iliuma mno.

Taa ikawa njano. Shangazi yake akamvuta khanga. "Gene, mwanangu, nyamaza. Watakuja."

Alijua. Angenyamaza wakati ule, sauti yake ingebaki yake. Lakini mtani amesema, na mtani hujibiwa. Akapangusa makamasi, akamnyooshea Luhanga kidole.

"We Mhehe, hata sauti umenyang'anywa bado unasumbua maiti za watu! Vua koti la baba yangu, huna haya, linakubana kitambi!"

Luhanga akacheka bila sauti mpaka akajishika magoti. Taa ikawa nyekundu, na wapoza wakaja.

"Aliyesemwa atamke kwamba amefurahi," kikasema Kisikizi.

Luhanga, aliyekuwa amejaa furaha mpaka machozi, akafungua kinywa. Hakikutoka kitu.

Generoza akaitoa khanga shingoni mwenyewe, kuwarahisishia. Ukanda ukalia ta.

Jeneza lilipoteremshwa, Luhanga akampa koleo. Wakaanza kufukia.