Mlima Uliofumuliwa

Kilichoanzisha maneno yote haya ni upepo wa Julai. Pale mnadani Bariadi, kwenye uwanja ambao wakubwa wanauahidi paa kila uchaguzi na hadi leo paa lake ni mawingu, upepo ulinyakua kitambaa kutoka meza ya muuza masweta, ukakipitisha juu ya vichwa vya watu, ukakitundika kwenye pembe ya dume jekundu la ng'ombe lililokuwa likisubiri mnunuzi. Dume likatikisa kichwa. Watu wakatawanyika. Aliyelisogelea ni kijana mmoja mrefu mwenye jaketi lililopauka. Alilisemesha Kisukuma kwa sauti ya chini, kama anabembeleza mtoto mwenye homa, akakichomoa kitambaa na kurudi nacho akikikung'uta vumbi.

Muuza masweta alikuwa amesimama juu ya kigoda, mkono mdomoni. Sketi yake ndefu ya bluu ilipigwa na upepo ikamganda miguuni, sweta lake la njano lilikuwa na vifungo vikubwa kama visoda, na kitenge kilimfunika kichwa mpaka kwenye nyusi kwa sababu ya baridi. Alikuwa Felisita, binti wa mzee Anatoli wa Mwamapalala, amepanga chumba mjini. Kipupwe ndiyo neema ya muuza masweta ya mitumba. Wateja wakipungua alitoa sindano na nyuzi akatarizi, si kwa kuuza, ni kwa kupenda tu.

Kijana, jina lake Dastan, fundi simu wa karibu na stendi, alikikunjua kitambaa ili amrudishie. Akasimama hapo hapo kama aliyekanyaga mwiba.

Kilikuwa na mlima. Mawe matatu makubwa yamebebana, la juu limeinama kama mtu anayechungulia kisima. Chini yake duara la minyaa ya kijani, lina mlango upande wa magharibi.

"Mayu," akaita kwa heshima ya Kisukuma, "mlima gani huu?"

"Wa kichwani kwangu."

"Uko wapi?"

"Nimekwambia, kichwani. Na nauli ya kufika huko huna."

Watu wa meza za jirani wakacheka. Dastan akacheka pia, akanunua sweta ambalo hakulihitaji, la kijani lenye mstari mweupe kifuani, na akaondoka na namba ya simu.

Sasa, ili mtu asimwone Dastan mhuni, aelewe jambo hili. Baba yake, marehemu Ndaki, alikufa masika yaliyopita huko Malampaka akimwelezea mawe matatu yaliyobebana. Ndaki alikuwa mtoto wakati wa operesheni ya vijiji. Wakubwa walifika na lori, wakachoma mapaa ili mtu asitazame nyuma, wakapakia watu na vyungu vyao. Mzee Mayala, baba yake Ndaki, alikuwa amezikwa siku si nyingi katikati ya zizi lake lililozungushiwa minyaa, chini ya mawe hayo. Ndivyo alivyozikwa mwenye ng'ombe zamani, ili aendelee kusikia kwato za mifugo yake. Lori likaondoka, mzee akabaki. Waliohamisha watu walikuwa na kalamu mfukoni, lakini hakuna aliyeandika nani katoka wapi. Walihesabu vichwa tu, kama mbuzi.

Kwa hiyo Dastan, kila Jumapili, alizunguka kwa wazee na simu yake akirekodi habari za ukoo. Rafiki yake Hanif, mwenye duka la simu alimokuwa na meza yake, alimsema bila huruma. Wenzako wanatafuta pesa, wewe unatafuta maiti.

Mapenzi yakaanza kwa simu, kila jioni, Felisita akiwa na sindano mkononi.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Michembe ya viazi na chai."

"Ndiyo maana sauti ina sukari."

"Muone. Na wewe umekula nini, chaja?"

Akija kumtembelea, Dastan alimfungulia sauti za wazee, na Felisita alitarizi akizisikiliza. Alimpenda bibi mmoja wa Migato aliyekuwa akikohoa katikati ya kila jina la mtu. Siku moja akaomba kumsikia baba yake Dastan. Dastan akasema rekodi hiyo ilifutika. Haikufutika. Ndani yake mzee Ndaki alikuwa anaeleza mawe matatu, na Dastan aliogopa. Nchi hii kila mtu anajua kwamba anayeulizia kaburi la babu kesho anaulizia shamba. Wako waliofanya hivyo, na viongozi waliokaa kuamua wakala kwa huyu, wakala na kwa yule.

Lakini ugumu wenyewe haukuwa huo. Ugumu ni kwamba alipokuwa anamsubiri Felisita apokee simu, moyo ulimdunda, na hakujua unamdundia msichana au unaudundia mlima. Jioni nyingine aliamua ni msichana. Asubuhi akiamka alikuwa hajui tena.

Jioni moja kwenye simu Felisita akasema mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba ule mlima uko kwao Mwamapalala, ndani ya shamba la baba yake. "Na ndani ya ile minyaa baba halimi. Sijui kwa nini, hata tukimuuliza hasemi."

Dastan akaitoa simu sikioni akaitazama.

"Dastan? Mbona kimya?"

"Mtandao," akasema.

Jumapili akamwambia anakwenda kumtengenezea mtu redio. Akaazima pikipiki ya Hanif, akavaa lile sweta la kijani maana baridi ya njiani ilikuwa ya kukata, akaenda Mwamapalala. Mawe aliyaona kutoka mbali. Akaingia kwenye duara la minyaa, akapiga magoti, akalia, halafu akazunguka zunguka akipiga picha kila upande.

Wanawake waliokuwa wakichuma pamba walimwona, na wakamwona vibaya. Mwaka uliopita walifika watu wa aina hiyo, wakazunguka na simu na vijiti, wakapigilia bikoni kwenye mashamba ya watu, wakaahidi mkutano. Mkutano haujafanyika. Habari zikamfikia mzee Anatoli akiwa ghalani. Naye akampigia binti yake wa mjini: kuna mtu anapima shamba letu, kijana mrefu, kavaa sweta la kijani, mstari mweupe kifuani.

Felisita alikaa chini. Sweta la namna hiyo lilikuwa moja tu, na alikuwa ameliuza kwa mkono wake.

Alipompigia Dastan sauti yake haikuwa na sukari hata chembe.

"Redio imepona?"

"Felisita, nisikilize."

"Umevaa sweta langu kwenda kupima shamba la baba yangu."

"Sikupima. Babu yangu amelala pale."

Katika maneno yote ya Kiswahili, alichagua hayo. Ndiyo maneno hasa anayoanza nayo mdai shamba.

"Kumbe," akasema Felisita polepole. "Siku ile mnadani ulikiona kitambaa. Sauti ya baba yako ikafutika. Nilikuwa nakuonyesha njia kila jioni, na mimi najiona napendwa."

Akakata. Akamzuia kwenye simu. Dastan akajaribu kwa simu ya Hanif, nayo ikazuiwa, Hanif akalalamika kwamba sasa hatauziwa sweta. Ni walio hai tu wanaoweza kununiana. Aliyezika mwenzake anatamani hata hiyo simu iliyokatwa.

Hanif alipoona rafiki yake anafungua simu za wateja na kusahau kuzifunga, akamuuliza kitu kimoja. Yule msichana angekuwa ametarizi ua, ungempigia?

Dastan akafikiri mpaka mchana ukapita. Akasema hajui.

"Basi kamwambie hivyo hivyo hujui," akasema Hanif. "Uongo umeshaujaribu."

Siku ya mnada akaenda, bila sweta, anatetemeka kwa baridi. Felisita hakumkaribisha. Aliingiza mkono chini ya meza akamrushia kitambaa. Kilikuwa cheupe. Alikuwa ameufumua mlima wote, uzi kwa uzi, na pale palipokuwa na mawe na minyaa palibaki vitundu vya sindano tu.

"Mlima umekwisha," akasema. "Haya, umefuata nini?"

Wauza mitumba wa jirani wakaacha kuita wateja ili wasikie. Dastan akakigeuza kitambaa.

"Siku ile niliomba namba kwa ajili ya hiki. Hilo ni kweli. Siku zilizofuata sijui, nilichanganyikiwa, na bado nimechanganyikiwa. Lakini leo hakina kitu na mimi nimekuja. Sijui hiyo unaiitaje."

Felisita akachagua sweta kwenye rundo, kubwa, la kahawia, akamtupia avae, akamwambia maneno hayo akayaseme kwa mzee Anatoli, naye atakuwepo kusikia kama yatabadilika njiani.

Mzee Anatoli aliwapokea nje ya duara la minyaa, amevaa koti refu na mabuti ya mvua, fimbo mkononi. Dastan akainama. "Mwangaluka, baba." Mzee akaitikia bila kumtazama.

"Unasema ni babu yako. Anaitwa nani?"

"Mayala."

"Mayala," mzee akarudia. Akaingia ndani ya duara, nao wakamfuata. "Mimi nililetwa hapa mdogo, kutoka Migato, kwa lori. Baba yangu akaonyeshwa shamba, akaambiwa lima. Hawakumwambia kwamba lina mwenyewe ndani. Jembe la kwanza tu akaona hili ni zizi, akajua. Akatukataza kulima humu. Kila nikipita nasema, mzee, napita. Jina sikuwa nalo. Huwezi kumsalimia mtu hivyo maisha yako yote." Akachoma fimbo ardhini. "Na guku, babu yangu mimi, yuko Migato. Juu yake watu wanalima choroko. Siwalaumu, nao walionyeshwa tu."

Njia nzima Dastan alikuwa amepanga maneno ya kujitetea, na hakuna aliyemshtaki.

"Unataka shamba?" mzee akauliza.

"Hapana, baba. Namtaka Felisita."

"Mimi hajaniuliza," akasema Felisita kutoka nyuma.

Mzee akafanya kama hakusikia. Akasema kama ni hivyo, waje wazee wa Malampaka wazungumze, na ng'ombe wa mahari wasipelekwe kwenye zizi lake kule nyumbani. "Waletwe huku. Walale humu kwanza. Huyu alizikwa hapa asikie kwato, na tangu operesheni anasikia mbuzi wa watu tu wakipita." Akaondoka na fimbo yake kuelekea kwenye pamba, akawaacha.

Felisita alikaa kwenye jiwe, akakitandaza kile kitambaa cheupe magotini, akatoa sindano.

"Ng'ombe ni habari za wazee. Mimi nina swali langu. Lile dume la mnadani, pembe zake zilipinda kuelekea wapi?"

Dastan akafumba macho atafute. Alilishika dume lile kwa mkono wake mwenyewe, lakini pembe hazikuja.

"Sizikumbuki. Nakukumbuka wewe juu ya kigoda. Mkono mdomoni, sketi imekuganda miguuni, nami nikasahau kama naenda au narudi."

"Hiyo ni kabla ya kukikunjua kitambaa, au baada?"

"Kabla," akasema, na akashangaa mwenyewe.

Upepo ulikuwa unapuliza minyaa. Felisita akalamba ncha ya uzi mwekundu, akaupitisha kwenye sindano, akaliacha eneo la vitundu vya zamani, akaanza pembeni kabisa, penye kitambaa kizima, kushona kigoda.