Kopo la Mgonjwa wa Tisa

Jumatatu, saa moja na dakika arobaini asubuhi, mfamasia wa wodi ya saratani aliangusha kidonge kimoja. Kilipasuka sakafuni. Ndani kilikuwa cheupe.

Vidonge vya utafiti uliokuwa ukiendelea wodini ni vya njano mpaka ndani. Alivunja vingine kutoka kopo lile lile, la mgonjwa wa tisa. Vyeupe vyote. Makopo mengine manane yalikuwa salama.

Daktari bingwa alifika mbio, akafunga mlango.

"Nani ana ufunguo wa kabati hili?"

"Mimi. Na ule wa akiba uko kwenye droo yako."

Mfamasia alijua atashukiwa. Lakini kilichomtisha zaidi ni mgonjwa mwenyewe. Seli za saratani hula oksijeni kwa pupa, na uvimbe uliopungukiwa oksijeni hauuawi vizuri na mionzi. Vidonge vile hupunguza ulaji huo ili oksijeni ibaki na mionzi ifanye kazi. Mtu huyu alikuwa akipigwa mionzi huku akimeza nini?

Saa tatu walimwita mzee wa usafi, aliyefagia ofisi ya daktari kila siku.

"Mzee, umewahi kugusa droo hii?"

"Hiyo? Haifunguki mpaka uipige teke, na ukiipiga ghorofa nzima inajua. Jaribuni."

Daktari alivuta mara tatu, akaishia kupiga teke. Watu wawili walichungulia mlangoni kuuliza kulikoni.

Basi ufunguo uliotumika ulikuwa wa mfamasia mwenyewe. Na vidonge vilivyoibwa, lazima kuna mtu aliyevimeza.

"Nionyeshe picha za oksijeni ndani ya uvimbe," mfamasia alimwambia daktari. "Za wagonjwa wote, hata wa kundi la pili."

Kundi la pili lilipata mionzi peke yake, bila vidonge. Picha za wanane wa kundi la kwanza zilionyesha oksijeni imepanda. Ya mgonjwa wa tisa haikubadilika hata kidogo. Kisha, katika kundi la pili, ikatokea picha ya mwalimu mstaafu mmoja: oksijeni tele ndani ya uvimbe.

"Huyu hapewi vidonge," daktari alinong'ona.

"Anapewa. Soma fomu yake. Ndugu wa karibu ni nani?"

Alikuwa mtoto wa kaka yake: muuguzi wa wodi, waliyemwita Dada Pole kwa upole wake. Ndiye aliyeachiwa funguo kila saa saba mchana, mfamasia alipokwenda kula.

Saa tano waliwaita wote wawili, muuguzi na shangazi yake. Dada Pole alipoona picha mezani, alivuta kiti akakaa.

"Kompyuta inayogawa makundi ilimtupa kundi la pili," alisema. "Amenilea tangu nina miaka minne. Ningekaa namtazama tu? Nikachukua, nikajazia vitamini za njano kwa nje."

"Uliniambia ni vidonge vya kuongeza damu," shangazi alisema.

"Nisamehe, shangazi."

"Kwa nini kopo la tisa?" mfamasia aliuliza.

Muuguzi aliinamisha kichwa. "Hana ndugu anayemsindikiza. Nilijua hakuna atakayeuliza."

"Yule baba mwenye kikohozi?" Sauti ya shangazi ilipasuka. "Ndiye anayeniwekea nafasi kwenye benchi!" Alifungua mkoba, akamimina vidonge vya njano mezani. "Amebakiza siku ngapi?"

"Nne," daktari alijibu. "Kati ya thelathini za mionzi."

"Zinatosha?"

Daktari alinyanyua simu kuita uongozi, na Dada Pole akavua kitambulisho chake bila kuambiwa.

Mfamasia alichukua kopo jipya, akalihakiki mara mbili, akatoka kwenda kumwambia mgonjwa wa tisa ukweli. Yule baba alikuwa peke yake kwenye benchi. Alimwona, akatabasamu, akasogea kumpisha.

"Karibu, mama. Leo mmechelewa na vidonge vyangu. Nilishaanza kuogopa."