Bwana Anatafuta Nani?

Chuo kikuu kilikuwa hakijafikisha hata miaka mitatu hapo Élisabethville, lakini tayari kilijifanya kizee: tai shingoni hata mezani, Kilatini mlangoni, Kifaransa tangu asubuhi hadi kitandani. Weusi walikuwa wachache, wakila meza moja na wana wa Wazungu, na mmoja wao, Faustin Kalenga, kichwa kilimvimba upesi.

Jumapili moja alikuwa verandani akinywa kahawa na Lucien, mwana wa mhandisi Mbelgiji, mama yake alipotokea na kikapu cha samaki wakavu kichwani. Mtaani wote walimwita Mama Faustin, kwa jina la mzaliwa wake wa kwanza, na alilipenda jina hilo kuliko lake la ubatizo. Akatua kikapu, akapiga magoti, akapiga makofi polepole, kama wanavyosalimu kwao.

"C'est ta mère?" Lucien akauliza. Ni mama yako?

Faustin akaitazama ile miguu yenye vumbi jekundu. Uso ukamwaka.

"Hapana," akajibu kwa Kifaransa. "Ni boyesse wetu, alikuwa anatufulia nguo."

Mama alikuwa amepiga pasi miaka mingi kwa masista. Kifaransa alikisikia. Akainuka, akapangusa magoti.

"Samahani, bwana," akanong'ona. "Nilizani uko mutoto yangu."

Akabeba kikapu chake, akaenda. Hakulia. Faustin alishikwa na aibu, na bado hakumfuata.

Jumamosi mchana akaenda mtaani kuomba radhi. Alijiandaa kutukanwa; hata kofi angelipokea kwa shukrani. Kwenye kona akamsikia jirani akiita, "Mama Victorine, jua iko kali leo."

Mama yake akaitika. Victorine alikuwa dada mdogo wa Faustin. Hakuna aliyewahi kumwita mama kwa jina la huyo.

"Odi," Faustin akasema mlangoni.

Mama akatoka, akamtazama vizuri. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Bwana anatafuta nani?"

"Mama, ni miye. Faustin. Unisamehe."

"Pole, bwana. Miye nilizala moya tu." Akamgeukia Victorine. "Unamuyua huyu?"

Msichana akatikisa kichwa, akajificha nyuma ya mama. Na ni Faustin aliyemfundisha kusoma.

Akakumbuka kitovu chake. Kilichomoza, kwa sababu mama alijifungua peke yake na kukifunga vibaya. Utotoni alikuwa akikibonyeza kwa kidole na kucheka. Akachomoa shati kwenye suruali.

"Angalia, mama. Ni weye ulikifunga."

Mama akainama. Akaangalia. Akafanya ishara ya msalaba. Akamvuta Victorine ndani, akafunga mlango taratibu.

Faustin akashusha macho. Akapapasa. Akapapasa tena. Tangu kifuani hadi mkandani ngozi ilikuwa laini, bila hata kovu.